Bangili Zilizopimwa Saa ya Chai

Ukuta ulimwambia avute pumzi.

Bi Zawena Mhando akauangalia ule ukuta kwa jicho ambalo wauza nyanya wa soko la Kwemzinga walilijua vizuri sana, jicho la afisa vipimo aliyekwisha kuona kidole kimebonyeza sahani ya mizani. Miaka ishirini na sita alikuwa akikagua mizani za watu, na hakuna binadamu, achilia mbali ukuta, aliyewahi kumfundisha kupumua.

"Vuta pumzi taratibu, Bi Zawena," ukuta ukarudia, kwa sauti ya kubembeleza mtoto asiyetaka uji. "Pole kwa hisia zako."

"Hisia zangu zimekukosea nini?"

Dada Prisila, mratibu wa Kituo cha Ridhaa, akajifanya hakusikia. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kidogo, mpole, na ubaya wake wote ulikuwa ni kazi yake. Akaushika mkono wa kushoto wa Bi Zawena, akaigeuza bangili nyeupe iliyokaza kwenye kifundo, akasoma namba.

"Themanini na moja, mama."

"Naiona."

"Inatakiwa iwe chini ya thelathini."

"Mara ya kwanza uliniambia. Mara ya pili ukaniambia. Leo ya tatu. Mimi nina kitu kwenye titi, Prisila. Masikioni sina kitu."

Siku kumi na nane zilikuwa zimepita tangu daktari amwonyeshe picha yenye doa na kumweleza kwamba titi la kushoto lazima litoke lote, na upesi. Sasa huo upesi ndio ulikuwa umekwama kwenye bangili. Ilipima mapigo ya moyo, jasho, joto la ngozi na mtetemo wa pumzi, ikalinganisha na sifuri yake ya ndani, halafu ikatoa namba. Namba ikiwa kubwa, karatasi ya ridhaa haifunguki kwenye kioo, na bila ridhaa hakuna daktari anayeruhusiwa kushika kisu.

Na msidhani sheria hiyo ilitungwa na watu wabaya. Zamani mwanamke aliambiwa jibu lake asubuhi, mchana akawekewa karatasi mbele, akasaini huku haoni herufi kwa machozi. Baadaye anaamka ana titi moja, anauliza nani aliamua. Wengine waligundua hata halikuhitaji kutolewa. Wanawake wakaandamana nchi nzima, Bi Zawena mwenyewe akiwa mstari wa mbele na kilemba cheupe, akipiga kelele kuwashinda wote. Wakaipata Sheria ya Ridhaa Tulivu: asikatwe mtu kiungo mpaka moyo wake utulie, na utulivu huo upimwe kwa chombo chenye lakiri, yaani muhuri wa serikali. Walishangilia siku ile mpaka sauti zikawakauka.

"Mama, nikueleze ukweli," Prisila akasema, akiinamisha kichwa. "Nafasi yako ni kesho kutwa, Alhamisi. Kesho saa sita mchana kama bado hujasaini, mtambo unamhamishia mwingine, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Wiki saba. Na daktari ameandika kwamba wiki saba kwa hali yako ni nyingi."

"Basi nifungulie karatasi nisaini sasa hivi."

"Haifunguki, mama. Mimi sina uwezo huo." Akavuta droo, akatoa kibandiko kidogo cha rangi ya ngozi. "Kuna hili tulizo. Unabandika nyuma ya sikio, kesho asubuhi utakuwa kumi, hata nane. Wengi wanatumia."

"Na nikishabandika, atakayesaini ni mimi au ni kibandiko?"

Prisila akakisukuma kibandiko mezani, karibu naye. Ukuta ndio uliojibu.

"Vuta pumzi taratibu, Bi Zawena."

Bi Zawena akabeba mkoba wake, kibandiko akakiacha pale pale mezani.

*

Nyumbani mumewe alikuwa barazani anafungua pampu ya maji. Hemedi Shekue alikuwa mtu mwema, mchana kutwa mikono yake imejaa grisi, na tangu siku ile ya jibu alikuwa amebakiwa na neno moja tu kinywani.

"Vipi, mama Shufaa? Umetulia leo?"

"Baba Shufaa, niambie tulia mara moja tena, hiyo pampu utaimeza."

"Aa, mimi nasema tu utu—"

"Hemedi!"

Akarudia nati zake. Bi Zawena akapita hadi uani, akajitupa kwenye mkeka alipokaa wifi yake Saumu akimenya mihogo. Alikuwa amechoka, naam, lakini uchovu angeweza kuuvumilia. Kilichomtoa roho ni watu. Jirani aliyekuja kumpa pole kwa uso wa matanga, kisha akiwa mlangoni akaomba aandikiwe jinsi ya kutengeneza ile achari yake ya ndimu, "maana huwezi jua." Huwezi jua nini, mwanamke wewe? Binti yake Shufaa aliyepiga simu kutoka Dodoma akazungumzia mvua dakika arobaini, hakugusa habari yenyewe hata kidogo. Na Hemedi, ambaye siku hizi alilala pembeni kabisa mwa kitanda, ati asije akamuumiza. Tena asubuhi, akioga, alijikuta anakifunika kioo kwa taulo, na hilo lilimkasirisha kuliko yote. Titi hilo lilinyonyesha watoto watatu. Tangu lini analionea haya?

Hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Wote walitaka atulie ili wao wapumzike.

"Themanini na moja," akamwambia wifi yake.

Saumu, dada yake Hemedi, ndiye mtu mtulivu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Upepo ulipoezua paa la nyumba yake usiku mmoja, yeye alivuta shuka tu akaendelea kulala. Akaweka kisu chini, akafikiri kidogo.

"Lete nikuvalie."

"Nini?"

"Hiyo bangili. Kwani inajua sura? Kesho napiga baibui langu, na ushungi naushusha mpaka puani, naingia, nasaini, natoka. Alhamisi wewe unaenda kukatwa. Kuna ubaya gani?"

Ubaya ulikuwepo, tena Bi Zawena aliujua kifungu kwa kifungu. Alikwisha kufunga vibanda vya watu kwa sababu ya jiwe la mizani lililotobolewa chini kwa ujanja wa msumari. Lakini wiki saba ni wiki saba. Akatoa ufunguo wa ukaguzi mkobani, akaifungua bangili, akamvisha wifi yake mkono wenye utomvu wa mihogo.

Tisa.

"Umeona?" Saumu akasema, akashika tena kisu.

"Ngoja. Kuna kusomewa karatasi kabla ya kusaini. Tujaribu." Bi Zawena alikuwa amesomewa mara tatu bila kuruhusiwa kusaini, alishaihifadhi yote. "Mimi, ninayevaa bangili hii, nimeelezwa na nimeelewa kwamba titi langu la kushoto litaondolewa lote, pamoja na tezi za kwapa, na kwamba halitarudi."

Kisu kikasimama katikati ya muhogo. Usoni Saumu hakubadilika hata kidogo. Ila mkononi namba ilikwenda arobaini, ikaenda sabini, ikakaa themanini na nane.

"Wifi," akasema polepole, "mbona hukuniambia kama ni lote? Mimi nilijua wanatoa uvimbe tu." Na machozi yakaanza kumdondokea juu ya mihogo.

Mtu mwingine angemkumbatia. Bi Zawena alitaka kumkumbatia, Mungu anajua, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye namba. Aliyekuwa tisa na aliye themanini na nane ni Saumu yule yule, na wasiwasi wa bure hakuwahi kuwa nao tangu azaliwe. Kilichoongezeka ni mzigo. Sasa mwenye asali akikuletea ndoo, unafanya nini? Unaweka kwanza ndoo tupu, unairudisha mizani kwenye sifuri, ndipo unamimina asali. Usipofanya hivyo unampima mtu pamoja na ndoo yake, na hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Akaikumbuka siku lilipoletwa sanduku la bangili, miaka minne nyuma. Mia mbili ndani ya boksi moja. Kanuni ilisema sifuri iwekwe kwa watu kumi na wawili wenye hali ya kawaida, na saa pekee ambayo ofisi nzima ilikuwa pamoja ni saa nne, saa ya chai. Basi wakavaa mezani pale pale, maandazi ya moto katikati. Mhasibu alikuwa anasimulia habari ya yule mfanyabiashara wa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, aliyejificha ndani ya gunia lake mwenyewe wakaguzi walipofika, na watu wanacheka mpaka wanakohoa. Hakuna aliyekuwa na baya lolote moyoni. Hapo ndipo Bi Zawena aliposoma namba kumi na mbili, akaweka sifuri, akagonga lakiri yake kwenye bangili zote mia mbili. Kisha akachukua andazi la pili.

"Saumu," akasema, "nimefanya kosa kubwa sana mimi."

"Kosa gani tena?"

"Wanawake wote wa wilaya hii wanalinganishwa na mimi nikila maandazi."

*

Jumatano saa mbili asubuhi aliingia Kituoni amevaa sare yake ya kazi, na sanduku la vyuma mkononi. Wanawake saba walikuwa kwenye benchi. Prisila alipomwona alidhani amekuja kubandika tulizo, akaanza kutabasamu. Tabasamu likamkauka kadiri alivyoelezwa.

"Kwa hiyo bangili zote ni mbovu?"

"Bangili ni nzima. Sifuri ndiyo mbovu, na aliyeiweka ni mimi." Akafungua kitabu cha sheria ya vipimo. "Nina njia mbili. Ya kwanza nakata lakiri. Bangili zote mia mbili zinakufa, Kituo kinafungwa mpaka Dodoma walete nyingine. Miezi miwili."

"Mama! Hawa wana tarehe!"

"Nimeshawaona. Ya pili, nasawazisha moja moja, papo hapo, mkononi mwa mwenyewe, akiutaja ugonjwa wake, mzigo ukiwa kwenye sahani. Ndiyo nitakayofanya."

Prisila akausogeza uso kwenye kitabu, akasoma mstari wa chini, akausoma tena. "Lakini hapa wameandika afisa hawezi kusawazisha chombo kinachompima yeye mwenyewe."

"Wameandika."

"Kwa hiyo wewe…"

"Prisila, hicho kifungu nakisoma tangu uko darasa la kwanza. Afisa mwingine aliye karibu ni Bi Rukia Singano wa Mombo." Jina hilo alilitamka kama anayemeza klorokwini. Bi Rukia alikuwa amefuatilia kazi yake miaka ishirini, akirudia kukagua pampu za mafuta zilizokwisha kukaguliwa, akiandika taarifa ndefu kwa wino mwekundu. "Nimempelekea ujumbe alfajiri. Hajajibu. Haya, nani wa kwanza?"

Akanyanyuka binti aliyeitwa Tabia, thelathini na moja, macho yamevimba. Siku tisa alikuwa hajalala na mtoto wake. Alimpeleka mwanawe wa miezi saba kwa mama yake, kwa sababu kila mtoto alipolia namba ilipanda. Kwa kujinyima hivyo alikuwa ameishusha mpaka thelathini na nne, ikagoma hapo.

"Niambie unaumwa nini," Bi Zawena akasema, ufunguo mkononi.

"Nina… kile."

"Sema chenyewe, mwanangu. Mizani haipimi kile."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwemzinga watu hawalitaji jina hilo. Wanasema maradhi yale, ugonjwa mkubwa, kivimbe, tena wanashusha sauti na kugeuza uso pembeni. Tabia alimtazama Prisila, akatazama sakafu.

"Nina saratani," akasema. Bangili ikaruka hadi tisini. "Ya titi la kulia. Wanaliondoa. Na mwanangu bado ananyonya, na… na hili la kulia ndilo analolipenda."

"Pole kwa hisia zako," ukuta ukasema.

"Zima hilo lidude!" akafoka mama mmoja kutoka kwenye benchi, na Prisila akakimbia kulizima.

Bi Zawena akageuza ufunguo. Namba ikaanguka kwenye sifuri, na Tabia bado analia. Wakamsomea karatasi, neno kwa neno, ile namba ikicheza nne, saba, tatu. Mwanamke aliyekuwa anasikiliza karatasi ile ni yule yule mwenye ugonjwa, anajua analoambiwa. Kama kungekuwa na mtu anamlazimisha, au kuna kitu kipya kimemshtua, ingeruka juu. Haikuruka. Kioo kikafunguka, akasaini, kisha swali lake la kwanza likawa kama anaweza kwenda kumchukua mtoto sasa hivi.

"Nenda," Bi Zawena akamwambia. "Mbona bado uko hapa?"

Wakafuata wengine. Mmoja alilisema huku anacheka, hawezi kuacha kucheka. Mwingine, mwalimu, alilisema kwa sauti ya kufundishia, halafu akakaa chini sakafuni. Yule aliyeugombeza ukuta aliuliza kama anaweza pia kumtukana daktari wa kwanza aliyemwambia ni jipu, akaambiwa atukane, akatukana vizuri sana. Kila mmoja ufunguo uligeuka. Prisila aliacha kuandika, akabaki anawapa maji.

Wa saba alikuwa Bi Mwantumu. Alikuwa na kibandiko nyuma ya sikio, amekaa vizuri, mikono juu ya mapaja.

"Nina saratani ya titi," akasema kabla hajaulizwa. "Wanaondoa yote mawili. Kesho saa mbili."

Sita. Namba haikutikisika.

"Rudia, dada yangu."

Akarudia. Sita.

"Watoto wako wanajua?"

"Sikumbuki kama niliwaambia." Akatabasamu. "Haina shida."

"Hiki kibandiko ulikitaka mwenyewe?"

"Waliniambia ndiyo njia."

Bi Zawena akaushusha ufunguo. Prisila akamsogelea, akamnong'oneza. "Mama, nakusihi. Huyu ameshasaini Jumatatu, leo amekuja kuthibitisha tu. Kila kitu kiko tayari. Muache apite tu."

Ilikuwa rahisi. Kugeuza tu, na Bi Mwantumu angeingia kesho, pengine akapona, na pengine hata bila kibandiko angechagua hivyo hivyo. Nani wa kumnyang'anya tarehe? Bi Zawena alijua uzito wa tarehe kuliko yeyote ndani ya chumba kile; ya kwake ilikuwa imebakiza saa mbili na nusu. Lakini sahani ilikuwa tupu. Mwenyewe hakuwepo pale. Wangemkata matiti mawili mtu ambaye hayupo, na siku tulizo likiisha angeamka auguze kovu ambalo hakumbuki kulikubali, sawasawa na wanawake wale waliomfanya Bi Zawena avae kilemba cheupe. Alihisi kukasirikia kila kitu, sheria, kibandiko, Prisila, na zaidi ya wote nafsi yake iliyokula andazi la pili.

Akaandika: haijasawazika. Akakibandua kibandiko kwa kucha, taratibu.

"Siku nne dawa itakuwa imemtoka," akamwambia Prisila bila kumtazama. "Mpatie nafasi ya kwanza itakayotokea baada ya hapo. Na watoto wake waitwe leo."

"Sawa tu," akasema Bi Mwantumu, akiendelea kutabasamu. Bi Zawena alitamani atukanwe. Alikuwa amemchukulia mgonjwa siku nne, na mgonjwa anamkubalia tu.

*

Saa sita kasoro robo Bi Rukia Singano aliingia, amekunja mwavuli ambao hakukuwa na mvua ya kuuhitaji, akakaa. Akavaa miwani. Akaomba taarifa ya asubuhi, akaanza kuisoma kuanzia juu.

"Rukia, saa sita mlango unafungwa."

"Nasoma."

Alisoma kurasa zote tatu. Hemedi na Saumu walikuwa wamesimama mlangoni, Hemedi bado na grisi kwenye vidole. Bangili ya Bi Zawena ilisema themanini na sita.

"Umeandika 'kosa ni la mkaguzi.' Mkaguzi yupi?"

"Unajua yupi!"

"Andika jina."

Bi Zawena akanyakua kalamu akaandika jina lake kamili, herufi kubwa, karatasi nusura ichanike. Bi Rukia akalitazama, akaitikia kwa kichwa, akatoa ufunguo wake.

"Haya. Sema."

"Nina kivimbe kwenye titi la kushoto."

"Sema, Zawena."

"Nimeshasema!"

"Umesema kivimbe. Asubuhi hii neno kama hilo umewakatalia wenzako. Umeandika mwenyewe hapa."

Hapo ndipo Bi Zawena alipogundua kwamba hajawahi. Siku kumi na tisa, hakuna siku alilitia neno lile kinywani. Kitu, kilisema kinywa chake. Hali. Hii habari. Aliwakamua wale wanawake mmoja mmoja, na mama wa mtoto wa miezi saba anayelilia ziwa akiwa kati yao, na yeye mwenyewe analikimbia. Akafungua mdomo, likatoka jingine.

"Wewe umekuja hapa kunifurahia. Miaka ishirini unanitafuta nikosee, sasa umepata, na bado unataka—"

"Hasira yako naijua, nimeibeba miaka yote hiyo," Bi Rukia akamkatiza. "Siyo iliyonitoa Mombo. Nataka kilicho chini yake."

"Tulia, mama Shufaa," Hemedi akaanza.

"Wewe bwana," Bi Rukia akasema bila kugeuka, "ukilirudia neno hilo utatoka nje."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika sita. Bi Zawena akamtazama mwanamke huyu asiyempenda, na kwa mara ya kwanza tangu aione ile picha hakukuwa na mtu mbele yake anayemwomba awe na hali nyingine.

"Nina saratani, Rukia," akasema. "Nina saratani ya titi. Wataliondoa lote. Na naogopa kufa. Naogopa sana. Na naogopa nisipokufa mume wangu asinitazame tena kama zamani. Ameshaanza kulala pembeni." Akapiga yowe, Bi Zawena wa Vipimo, yowe lililowatoa manesi vyumbani, akajikunja juu ya meza akilia kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

Bi Rukia akageuza ufunguo. Sifuri.

Prisila akaitazama namba, akamtazama mwanamke anayelia. "Sasa hii inasema ametulia?"

"Haisemi ametulia. Inasema huyu ndiye mwenyewe. Lete karatasi, upesi."

Wakamsomea huku analia. Mbili, tano, nne. Alipoulizwa kama ameelewa, alisema ameelewa, kwamba yeye si mjinga, na kwamba kioo chao kina vumbi. Akasaini zikiwa zimebaki dakika mbili, nafasi yake ikathibitishwa, Alhamisi saa nne asubuhi, na Bi Rukia akagonga lakiri yake pembeni kwa wino mwekundu.

Hemedi akaja. Alisimama mbele ya mkewe, akifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena ingawa grisi haikutoka. Akapiga magoti pale sakafuni, mzee mzima, mbele za watu.

"Mimi nalala pembeni kwa sababu natetemeka," akasema. "Sikutaka usikie. Mimi pia naogopa, Zawena. Naogopa mpaka sijui niseme nini."

Bi Zawena akainua uso, kamasi na machozi, akamtazama kana kwamba amemkamata na jiwe la mizani lililotobolewa.

"Siku kumi na tisa, Hemedi!" akamfokea, akimpiga begani kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Siku kumi na tisa! Neno hilo ulikuwa umeliweka wapi?"

Halafu akamshika shingoni kwa mikono yote miwili, akamlilia hapo hapo, wala hakuna aliyewaambia waondoke.